Kuvuja Mkojo Baada ya Upasuaji wa Tezi Dume: Tiba Isiyohitaji Kisu

Mwanamume aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume hutarajia kwamba mpira wa mkojo ukishatolewa, shida yake imekwisha. Wengi hugundua siku hiyohiyo kwamba mkojo unawatoka wanapokohoa, wanapoinuka kitini au wanapobeba ndoo ya maji. Baadhi hawamwambii mtu. Hupunguza kunywa maji, huogopa safari ndefu ya basi, huketi nyuma ya watu wote msikitini au kanisani, kisha huacha kwenda kabisa. Hali hii ina tiba, na kwa walio wengi tiba hiyo haiwarudishi kwenye chumba cha upasuaji.

Mkojo huzuiwa na misuli miwili ya mviringo: mmoja kwenye shingo ya kibofu, mwingine chini ya tezi dume. Upasuaji wa saratani, unaoondoa tezi yote, huudhuru msuli wa juu, na mzigo wote hubebwa na ule wa chini. Upasuaji wa tezi iliyokua bila saratani huondoa sehemu ya ndani tu. Kuvuja kwa kudumu baada yake ni nadra, ila kibofu kilichozoea kusukuma kwa nguvu kwa miaka mingi huweza kuendelea kubana ghafla kwa wiki au miezi kadhaa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuagiza chochote, mhudumu aulize mkojo unatoka wakati gani. Ukitoka kwa kukohoa, kucheka au kuinuka, msuli ni dhaifu. Ukitanguliwa na hamu ya ghafla isiyozuilika, kibofu ndicho chenye tatizo. Ukidondoka mfululizo, huku mgonjwa akikojoa kwa mkondo hafifu na tumbo la chini likiwa limejaa, huenda kibofu hakimalizi mkojo kwa sababu njia ina kovu. Huyo hasaidiwi na mazoezi, na dawa za kutuliza kibofu zaweza kumdhuru. Kipimo cha mkojo kuangalia maambukizi, kipimo cha ultrasound kuona kiasi kinachobaki, na daftari la siku 3 la kuandika anachokunywa na anavyokojoa, vyote vyawezekana hata katika hospitali ya wilaya.

Msingi wa tiba ni mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga. Ni vema yafundishwe kabla ya upasuaji, yasimame mpira ukiwa ndani, kisha yaendelee. Hapa ndipo makosa huwa mengi. Mgonjwa huambiwa “kaza”, naye hukaza tumbo na matako huku amebana pumzi, jambo linalousukuma mkojo chini badala ya kuuzuia. Agizo la kukaza kama anayezuia haja kubwa nalo halitoshi, kwa kuwa huamsha zaidi misuli ya nyuma. Mwanamume aelekezwe afikirie kwamba anakatiza mkojo na kuuvuta uume ndani. Akifanya sawasawa mbele ya kioo, ataona shina la uume likirudi ndani kidogo na korodani zikipanda, na mkono wake juu ya tumbo utalikuta tumbo laini. Mikazo 10, kila mmoja wa sekunde 5 hadi 10 na mapumziko ya muda kama huo, mara 3 kwa siku, ni kipimo cha kuanzia. Muhimu kuliko hesabu ni kukaza kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kuinuka. Kukatiza mkojo wenyewe chooni kusifanywe kuwa zoezi la kila siku.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba waliofundishwa mazoezi ana kwa ana baada ya upasuaji hawakuwa bora, miezi 12 baadaye, kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wapo waliohitimisha kwamba mazoezi ni bure. Hitimisho hilo ni la haraka, kwani idadi isiyo ndogo ya hao wa huduma ya kawaida nao walikuwa wakifanya mazoezi. Mwaka huohuo, utafiti wa Marekani uliwahusisha wanaume 208 waliokuwa wakivuja mkojo kati ya mwaka 1 na miaka 17 tangu tezi iondolewe. Baada ya wiki 8 za mazoezi na mbinu za kudhibiti kibofu, matukio ya kuvuja yalipungua kwa asilimia 55. Kwa waliosubiri tu, yalipungua kwa asilimia 24. Kuongeza mashine za umeme hakukuleta faida zaidi. Hospitali isiyo na mashine hizo haina sababu ya kumrudisha mgonjwa mikono mitupu.

Maji yasikatwe: mkojo mzito hukichokoza kibofu. Kahawa, chai kali na pombe ndivyo vya kupunguza. Mwenye hamu ya ghafla huweza kupewa dawa kama oksibutinini au solifenasini, kwa tahadhari kwa wazee, kwani hukausha kinywa, hufunga choo na huweza kuvuruga akili. Duloksetini hupunguza kuvuja kwa baadhi ya wanaume, lakini kichefuchefu na uchovu huwafanya wengi waiache.

Kibanio cha uume husaidia kwa shughuli fupi. Kifunguliwe kila baada ya saa 1 hadi 2, kisivaliwe usingizini, na asipewe mwenye ganzi wala mwenye kusahau. Pedi zibadilishwe kabla ngozi haijachubuka. Kwa Mwislamu, fiqhi ina nafasi ya mwenye udhuru: hujisafisha na kutawadha wakati wa sala unapoingia, kisha husali. Mgonjwa akiambiwa hilo na imamu wake, huenda akapata nafuu ambayo hakuna kidonge kinachoileta.

Nafuu kubwa huonekana katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza, na huweza kuendelea hadi mwaka. Homa, damu nyingi kwenye mkojo au mkojo kuziba havisubiri. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Anayevuja sana bila dalili ya nafuu baada ya miezi 6 ya mazoezi yaliyosimamiwa apelekwe kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo.