Risasi za Kuundwa Nyumbani: Kifaa Kipi Kinafaa, na kwa Nani?



Katika mikutano yetu na wananchi, tumeulizwa mara kwa mara swali linalostahili jibu kamili. Vijana wameona katika simu zao picha za mtu wa ng'ambo aliyeketi mezani nyumbani kwake, ana mashine ndogo ya mkono, anajaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kufyatuliwa. Wanatuuliza: je, kazi hiyo ni halali? Na kama mtu ana cheti cha kumiliki bunduki, achague kifaa gani?

Tutaanza na ukweli kuhusu huko ilikotoka picha. Nchini Marekani, mtu anayejaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe hadaiwi leseni na sheria ya shirikisho. Wawindaji na walenga shabaha wengi hufanya hivyo ili kupunguza gharama au kupata risasi inayoafikiana na bunduki yao. Vifaa vyao huuzwa madukani: mashine ya kushindilia, mizani ya baruti, vipimo vya urefu, na vitabu vyenye viwango vilivyojaribiwa katika maabara. Hata hivyo, hata huko watu huumia, kwa kuwa kazi hii haisamehi kosa dogo.

Ili tuelewe sababu yake, tuitazame risasi yenyewe. Ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kitakoni, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Nyundo ya bunduki hugonga fataki, fataki huwasha baruti, na gesi ya baruti husukuma kichwa kupitia mtutu. Katika risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9, baruti yote haifiki nusu gramu. Ikizidi kidogo, shinikizo la gesi hupanda na chuma huweza kupasuka mbele ya uso wa mpigaji. Ikipungua, kichwa huweza kukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikapasua bunduki nzima. Mizani ya dukani inayopima sukari haiwezi kuiona tofauti hiyo, na jicho la binadamu haliioni kabisa.

Yako pia mambo yanayohusu mipaka yetu. Maganda mengi yanayookotwa vichakani ni ya bunduki za kivita, na mengi kati yake ni ya chuma, hayakukusudiwa kutumika mara ya pili. Ganda lililochoka hupasuka. Baruti iliyofukuliwa kutoka risasi kuukuu haijulikani nguvu yake, wala aina moja ya baruti haishiki nafasi ya nyingine. Kwa hiyo, anayeuliza achague mashine ipi anatanguliza swali lisilo la kwanza. Hakuna mashine inayoweza kusahihisha baruti isiyojulikana.

Lugha yetu wenyewe inatuonya. Neno risasi ni jina la kinachotoka mtutuni, na ndilo jina la madini mazito yanayoyeyushwa kukiunda. Madini hayo ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtu anayeyeyusha betri kuukuu katika sufuria, jikoni, huwalisha watoto wake sumu hiyo kwa moshi na kwa vumbi linaloshika nguo na mikono. Hudhuru ubongo wa mtoto anayekua, na madhara yake hayaonekani siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye sheria. Hapa Uganda, Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inamtaka mtu awe na cheti halali kabla ya kununua au kuwa na bunduki au risasi. Cheti hicho si ruhusa ya kuunda risasi. Kuwa na leseni ya kuendesha gari hakumpi mtu ruhusa ya kufungua kiwanda cha magari. Nchi jirani nazo zina sheria zao, na zote tumefungamana kwa Itifaki ya Nairobi iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004, inayozitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuzuia utengenezaji na usafirishaji haramu wa silaha ndogo ndogo. Anayevuka Mpondwe, Bunagana au Busia na vifaa vya namna hiyo mzigoni asidhani kwamba upande wa pili utamwia radhi.

Huenda mtu akauliza: kwa nini mnashikilia kitu kidogo kiasi hiki, ilhali bunduki zenyewe ndizo tatizo? Jibu letu ni hili. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na Karamoja ikalipa gharama kwa miongo mingi: ng'ombe walioibwa, vijiji vilivyohamwa, watoto walioachwa mayatima. Bunduki ikitunzwa hudumu zaidi ya miaka 50, bali risasi huishi mara moja tu. Bunduki isiyo na risasi ni kipande cha chuma. Anayejaza risasi gizani ndiye anayeirudishia bunduki ya zamani uhai wake, na hajui itamlenga nani.

Aidha, kitakoni mwa ganda huwa na alama zinazotusaidia kujua kiwanda, na mara nyingi mwaka, lilikotoka. Mtu anapouawa, ganda hilo ni shahidi wetu. Likijazwa upya na mtu asiyejulikana, shahidi huyo hutoa ushahidi wa uongo, na familia ya marehemu hukosa haki.

Basi tunawashauri yafuatayo. Mwenye cheti anunue risasi kwa muuzaji aliyeidhinishwa, kwa aina na idadi aliyoruhusiwa, ahifadhi stakabadhi, na afungie risasi mbali na bunduki, mahali ambapo mtoto hafiki. Risasi iliyolowa au iliyoota kutu isianikwe juani wala kukaushwa jikoni. Iletwe kituoni au atuite tuifuate.

Mafundi wa kuchomelea, wahunzi na wanunuzi wa vyuma chakavu, ninyi ni macho yetu. Mkiletewa mzigo wa maganda, au mkiagizwa kutengeneza kifaa ambacho mwenye kuagiza hataki kueleza kazi yake, msikubali, na mtupe habari.

Atakayekuta risasi shambani au njiani asiiguse wala asiipige jiwe. Aweke alama kwa mbali, awazuie watoto, kisha amwarifu mwenyekiti wa LC1 au apige simu namba 999 au 112. Aliye na silaha bila cheti asingoje kupekuliwa. Amwombe mwenyekiti au kiongozi wa dini anayemwamini amsindikize hadi kituoni.

Wazee walisema kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Lakini mwiba huu haumchomi aliyejidunga peke yake. Mashine ikiwekwa mezani usiku, watoto wamelala chumba cha pili, na jirani yuko nyuma ya ukuta wa udongo. Kwa hiyo jibu letu kwa vijana waliotuuliza ni fupi: kifaa cha kuchagua ni sanduku imara lenye kufuli, na ufunguo wake ukae kwa mwenye cheti.

 Milango ya vituo vyetu iko wazi usiku na mchana.