Mboga ya Bahari na Uvimbe wa Shingo

Ndugu msomaji, wewe unayekaa mlimani Lemera au chini huko Uvira, labda hujaona bahari kamwe. Unajua sombe, lengalenga na matembele. Lakini baharini kuna mboga nyingine, nayo huitwa mwani. Yafaa uijue, hata kama hutaipika, kwa maana yahusu shingo yako.

Mwani wa kijani hauna mizizi ya kunywa maji. Hushika jiwe kwa kitako kidogo tu, na chakula chake hukivuta kwa mwili wote kutoka katika maji ya chumvi. Hivyo hukusanya pia iodini iliyomo baharini. Wajapani huukuza juu ya nyavu, huukausha, kisha huunyunyiza juu ya wali. Huko Cebu, Ufilipino, hupanda aina yenye vipunje kama zabibu: huchomeka vipande matopeni katika mabwawa ya maji ya chumvi, navyo huchipua. Huliwa mbichi. Akina mama wa Zanzibar nao hulima mwani tangu 1989, wakiufunga kwenye kamba maji yanapokupwa. Lakini wao hulima jamii ya mwani mwekundu, na mwingi wao huuzwa ng'ambo.

Sasa, iodini ni ya kazi gani? Tezi ya shingo huitumia ili mwili na akili vikue. Iodini ambayo mtu huhitaji maisha yake yote haijazi kijiko cha chai, lakini lazima aipate siku kwa siku. Akiikosa, tezi huvimba, ndiyo rovu. Tena liko jambo baya kuliko uvimbe: mama mwenye mimba akiikosa sana, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi au mwenye akili iliyodumaa.

Katika milima yetu mvua imeosha iodini udongoni, na maji ya ziwa hayana kama ya bahari. Katika kisiwa cha Idjwi, waganga waliochunguza rovu tangu miaka ya 1960 waliona kwamba muhogo mchungu usiotengenezwa vema huongeza shida, kwa sababu sumu yake huzuia iodini isiingie katika tezi. Basi uloweke siku tatu, uuanike, ndipo usage unga wa bukari.

Usiende kuchota ute wa kijani ulio kando ya ziwa ukidhani ni mwani. Aina nyingine ya ute huo ina sumu isiyokufa kwa kuchemshwa.

Mwani wako, mama, ni chumvi yenye iodini. Isome karatasi yake kabla ya kununua. Usiioshe, usiiache juani wala karibu na moto. Iweke katika chombo chenye kifuniko, uitie chunguni chakula kikiisha kuiva. Rovu kubwa la miaka mingi halitaondoka kwa chumvi. Njoo hospitalini litazamwe. Na ile dawa ya vidonda iitwayo iodini usiinywe kamwe: huunguza koo na tumbo.