Mchuzi Mzito wa Saladi

Majani mabichi matupu hayashuki vema. Lakini mchuzi mzito wa kuyamwagia waweza kufanywa nyumbani. Chemsheni mayai 2 kwa dakika 12, kwani yai bichi laweza kuleta ugonjwa wa tumbo, hasa kwa watoto na wenye mimba. Pondeni viini hata viwe laini, mtie chumvi na kijiko 1 cha maji ya ndimu. Kisha tieni vijiko 6 vya mafuta ya ufuta, tone kwa tone, huku mkikoroga. Mafuta na maji hayapatani. Kiini ndicho msuluhishi. Mkifanya haraka, vitatengana. Hapo msimwage: ongezeni kijiko cha maji ya uvuguvugu, mkoroge tena. Nasi twawasihi mwoshe majani kwa maji safi, na mchuzi uliwe siku ile ile.