Bolti Moja Iliyoliwa Kichwa



Katika taarifa ya robo iliyopita tuliandika kwa mstari mmoja tu kwamba safari ya huduma ya mkoba kwenda Masoko iliahirishwa kwa siku tatu "kwa sababu ya matengenezo ya gari". Baadhi yenu mmeuliza, na ni haki yenu: matengenezo gani hayo yanayochukua siku tatu, wakati risiti inaonyesha kifaa kimoja kidogo cha bei nafuu? Jibu ni kwamba kifaa chenyewe kilifungwa kwa nusu saa. Siku zilizobaki zilikwenda kwenye bolti moja yenye urefu usiozidi kidole. Tumeona vema tueleze jambo hili kwa kirefu, kwa kuwa sharika nyingi sasa zina gari, pikipiki, mashine ya kusaga au jenereta, na bolti za namna hii zinawangoja pia.

Ilivyotokea

Gari letu ni Toyota Hiace ya dizeli. Wengi wenu mnaifahamu: injini haiko mbele chini ya boneti, iko chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuiona unainua kiti, na unachokikuta ni shimo jembamba lililojaa mipira ya maji, mabomba na nyaya. Mkono unaingia, lakini mkono pamoja na spana ni shida.

Gari lilikuwa likitoka Kyela. Mnajua njia ile. Kyela iko bondeni karibu na Ziwa Nyasa, kwenye meta 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Tukuyu iko kwenye meta 1,500 hivi. Ni kupanda tu. Njiani mshale wa joto ukapanda kupita kawaida. Dereva alifanya vizuri: alisimama, akazima injini, akangoja ipoe. Fundi alipoangalia akagundua kwamba themostati imekwama. Hicho ni kilango kidogo kinachofunguka injini inapofika joto la nyuzi 80 hivi ili maji yapite kwenda kwenye rejeta. Kisipofunguka maji hayazunguki, na injini huchemka hata kama rejeta imejaa.

Mfuniko wa themostati ulishikwa na bolti mbili. Ya juu ilitoka bila tabu. Ya chini, iliyojificha nyuma ya bomba, ilikataa. Hapo ndipo tulipokosea, na tunakiri ni sisi wenyewe. Mmoja wetu alichukua spana ya mdomo wazi namba 13 kufungua bolti yenye kichwa cha namba 12, kwa kuwa ya 12 ilikuwa haionekani kwenye boksi. Ilishika kidogo, akavuta kwa nguvu, ikateleza. Akavuta tena. Baada ya mara tatu pembe zote sita za kichwa zilikuwa zimekuwa duara.

Asubuhi ya siku iliyofuata chanjo zilikuwa zimeshapangwa kwenye kasha la baridi. Ikabidi zirudishwe kwenye jokofu, kwa sababu chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na hatukuwa na gari la kuzifikisha. Kina mama walifika kituoni na watoto mgongoni, wengine wakiwa wametembea tangu alfajiri kwenye matope, wakaambiwa warudi siku nyingine. Kwetu sisi, hiyo ndiyo gharama halisi ya bolti ile, wala haionekani kwenye risiti yoyote.

Kwa nini bolti hukataa

Wilaya yetu ya Rungwe imebarikiwa mvua. Yapo maeneo yanayopata zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka, na ndiyo maana chai na ndizi vinastawi. Lakini mvua hiyohiyo, pamoja na matope yanayorushwa na magurudumu, huingia kwenye kila ufa wa gari. Chuma kikikutana na maji na hewa hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndani ya tundu la bolti hakuna nafasi ya ziada, kwa hiyo kutu hubana kama kabari.

Mifuniko mingi ya themostati ni ya aluminiamu, na bolti zake ni za chuma. Metali hizi mbili zikikaa pamoja kwenye unyevunyevu, aluminiamu huliwa polepole na kutoa unga mweupe unaoziba hesi za bolti. Maji ya rejeta yakivuja kidogo hapo, hali huwa mbaya zaidi. Bolti ikikaa miaka mingi bila kuguswa, ni kama imepigwa simenti.

Jambo la pili ni spana. Magari mengi ya Kijapani hutumia kichwa cha namba 12 kwenye bolti yenye unene wa milimeta 8. Bolti ya unene huohuo kutoka Ulaya mara nyingi ina kichwa cha namba 13. Land Rover za zamani nazo hutumia vipimo vya inchi. Katika boksi la gereji vitu hivi vyote vimechanganyika. Spana ya nusu inchi ni milimeta 12.7: inaingia kwenye kichwa cha 12, inaonekana kama imeenea, lakini inacheza. Ukikaza mkono, inakula pembe.

Hatua tulizofuata

Fundi aliyetusaidia ni mtu mzima, mpole wa maneno. Alipofika, kwanza alituambia tuweke spana zote chini. Tunaandika hapa utaratibu wake, kwa kuwa wanakamati wanaosimamia vyombo wataweza kuutumia, au angalau kumuuliza fundi wao kama ameufuata.

1. *Acha kuvuta.* Kila jaribio linaloteleza linapunguza nyama ya kichwa iliyobaki. Ukiteleza mara moja, simama ufikiri.

2. *Ondoa waya wa betri, ule wa hasi kwanza,* na ungoje injini ipoe kabisa. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi kukiwa na moto ndani. Maji yaliyobanwa yanaweza kuruka na kuunguza uso.

3. *Safisha na utie mafuta ya kupenya.* Piga brashi ya waya hadi mzizi wa bolti uonekane. Kama huna mafuta maalumu ya dukani, mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi husaidia. Tia kidogo, ngoja, tia tena. Sisi tuliacha usiku kucha. Kila baada ya muda fundi aligonga kichwa cha bolti taratibu kwa kipande cha nondo na nyundo ndogo, si kwa kuvunja, bali kutikisa kutu ili mafuta yapite.

4. *Tumia soketi ya pembe sita.* Soketi nyingi zina pembe kumi na mbili, na hizo hushika karibu na ncha za kichwa, mahali palepale palipokwisha kuliwa. Ya pembe sita hushika ubavuni. Kichwa kikiwa kimeliwa sana, chukua soketi ndogo kidogo, kwa mfano namba 11 kwa kichwa cha 12, uipigilie kwa nyundo hadi ikae.

5. *Kaza kidogo kabla ya kulegeza.* Hili liliwashangaza wengi. Msukumo mdogo wa kukaza huvunja mshiko wa kutu. Kisha legeza robo, rudisha, legeza tena, ukiongeza mafuta. Bolti ikilia ni dalili njema. Ikianza kuwa laini kama ulimbo huku haisogei, simama, inakaribia kukatika.

Siku ya pili tulifika hatua ya nne, tukashindwa. Soketi iliingia upande kwa sababu bomba la hewa lilizuia ekstensheni kunyooka, na nyundo haikuwa na nafasi ya kupiga. Ikateleza. Tulikuwa na hamu ya kujaribu tena, lakini fundi alikataa. Alisema kwamba tatizo letu sasa si bolti, ni nafasi.

Kutengeneza nafasi

Hili ndilo somo kubwa tulilopata. Katika injini iliyobanana, kazi ya kwanza ni kuondoa vitu vinavyozuia, hata kama vyenyewe ni vizima. Ilituchukua karibu saa mbili kutoa kiti, bomba la hewa, kishikio kimoja na mpira wa juu wa rejeta. Saa mbili hizo tulikuwa tumezikwepa tangu mwanzo tukiona ni kupoteza muda. Kila kilichotoka kiliwekwa kwenye beseni pamoja na bolti zake, na fundi alichora kwenye karatasi kila kimoja kilipokuwa.

Alituonyesha pia kosa ambalo watu hulifanya wanapotumia kioo au wanapopapasa kutoka nyuma. Bolti ya kawaida hulegezwa kinyume cha mwendo wa saa, ukiwa unaitazama usoni. Ukiifikia kutoka mgongoni, au ukiiona kupitia kioo, upande unageuka. Watu wamewahi kukaza kwa nguvu zao zote wakidhani wanalegeza. Yeye huchora mshale kwa chaki karibu na bolti kabla ya kuanza.

Nafasi ilipopatikana, soketi ya 11 ilikaa wima, ikapigwa nyundo mara nne, na bolti ikasogea kwa mlio mkali. Baada ya dakika kumi za kulegeza na kurudisha ilikuwa mkononi. Gereji nzima ilipiga makofi.

Kama ingekataa

Zipo njia nyingine, na kamati ijue uzito wake. Kichwa kikiwa na nyama ya kutosha, fundi anaweza kukipiga tupa pande mbili hadi spana ndogo ikae. Plaiza ya kujifunga husaidia pale penye nafasi ya ubavuni. Moto pia husaidia, kwa kuwa aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na tundu hulegea. Wengine hugusisha mshumaa kwenye bolti ya moto, na nta ikanyonywa ndani ya hesi. Lakini moto karibu na mabomba ya mafuta na mipira ni hatari: kwanza futa mafuta ya taa yote, kizimia moto kiwe mkononi, na kama hakuna nafasi salama, usiwashe kabisa.

Njia ya kuchomelea nati juu ya kichwa kilicholiwa ni nzuri sana kwa fundi anayejua, kwa sababu nati hutoa pembe mpya na joto lake hulegeza kutu. Kutoboa kwa drili ndiyo njia ya mwisho. Kile chuma cha kuchomolea bolti ni kigumu na hukatika kirahisi. Kikikatikia ndani, drili ya kawaida haikiingii, na kazi ya saa moja inakuwa kazi ya kupeleka kifaa kizima kwa fundi wa mitambo.

Wakati wa kurudishia

Bolti iliyoliwa hairudishwi. Tulinunua mpya yenye unene, urefu na hesi zilezile. Bolti ndefu kupita kiasi hugota chini ya tundu kabla ya kukaza mfuniko, nayo inaweza kupasua aluminiamu. Hesi zilisafishwa, tukapaka girisi ya kuzuia kugandana, kidogo tu, tukakaza kwa spana fupi bila kuning'inia.

Tunachoomba kamati zizingatie

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumekubaliana mambo manne kwa gari letu, na tunazishauri sharika nazo ziyafikirie:

- Boksi la spana liwe na orodha, na dereva alikague kila Jumamosi. Namba 10, 12, 14 na 17, ambazo gari la Kijapani huzitumia sana, zisikosekane.
- Soketi za pembe sita zinunuliwe, hata kama ni chache.
- Kila matengenezo makubwa, bolti za karibu zilegezwe, zipakwe girisi na kukazwa tena kabla ya masika.
- Bajeti ya gari iwe na fungu la vifaa vya kazi, mbali na mafuta na matairi.

Kwa wafadhili wetu tunasema hili kwa unyenyekevu. Ni rahisi kuomba gari, na ni rahisi kupiga picha ya gari jipya likikabidhiwa. Ni vigumu kuomba soketi. Lakini seti moja nzuri ya soketi ingeokoa siku zile tatu. Mkiona kwenye maombi yetu yajayo mstari mdogo ulioandikwa "spana na girisi", mjue umetoka wapi.

Safari ya Masoko ilifanyika siku ya nne. Si kina mama wote waliorudi, na wahudumu wa afya wa vijiji walikwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliobaki. Bolti ile tumeiweka juu ya meza ya ofisi. Mgeni akiuliza, tunamweleza.