Miche 36 au 33?

Chukua kipande cha kihamba, shamba la ukoo la Wachagga, pale Kibosho au Machame mlimani Kilimanjaro, mita 10 kwa mita 10. Unapanda kahawa, na mche usikaribiane na mwenzake chini ya mita 2. Mpakani unaruhusiwa kupanda. Miche mingapi itaingia? (Mteremko na mifongo, yaani mifereji ya maji, tuviache, vitatuvurugia hesabu.)

Mwenye kupenda hesabu hukimbilia pembesita. Kila safu ya pili anaisogeza nusu hatua, mche ukae kati ya miwili ya safu iliyotangulia. Kila mche wa ndani huzungukwa na sita, kama tundu la sega la nyuki. Hapo safu huachana mita 1.73 tu badala ya 2 za mpangilio wa mraba. Wala hahitaji kipimapembe: anafunga kitanzi cha kamba cha mita 6, anapiga fundo kila mita 2, watu watatu wanavuta mafundo hadi kamba ikaze, na pembetatu imepatikana. Mwaka 1773 Joseph-Louis Lagrange alithibitisha kuwa katika mipangilio inayojirudia hakuna unaobana kuliko huu. Unaushinda mraba kwa asilimia 15 na ushee.

Ila Lagrange alishughulikia eneo lisilo na mpaka, na huku mlimani hukosi kukutana na masale, mimea ya mpaka, ya jirani. Haya, tuhesabu. Mraba: safu 6 za miche 6, jumla 36. Pembesita: safu ni 6 vilevile, kwani ya saba haienei, na tatu kati ya hizo zina miche 5 tu. Jumla 33! Kila safu iliyosogezwa imepoteza mche ukingoni.

Ukipanua kipande kiwe mita 20 kwa 20, pembesita inaongoza kwa 126 dhidi ya 121. Kwenye hekta nzima, ni 2,929 dhidi ya 2,601, karibu asilimia 13. Kwa hiyo ile 15 ni ndoto ya mashamba makubwa. Kihamba kilichogawanywa baba kwa mwana hakiioni.

Mraba nao una kikomo. Kwa nukta 36, yaani miche yetu, ilithibitishwa mwaka 1987 kwamba haushindiki. Kwa 49, yaani mita 12 kwa 12, unashindwa: mwaka 1997 Kari Nurmela na Patric Östergård wa Finland walipata mpangilio unaoziachanisha nukta hizo zaidi ya mita 2, kwa ziada isiyofika sentimita moja. Si mraba wala pembesita, na sioni kibarua atakayekubali kuuchimbia mashimo.