Sarafu Ghushi na Sarafu za Mwigo katika Dola ya Kirumi

Neno bandia limezoeleka katika Kiswahili kiasi kwamba kila kitu kisichotoka mahali pake rasmi hutiwa katika fungu hilo moja. Kwa mchunguzi wa sarafu za kale za Kirumi, mazoea haya yana hasara. Miongoni mwa sarafu ambazo hazikutoka katika karakana za Kaisari, zimo zilizofanywa kwa nia ya kudanganya, na zimo zilizofanywa kwa sababu watu walikosa chenji.

Udanganyifu huonekana zaidi katika dinari ya fedha. Mghushi alichukua kipande cha shaba, akakifunika kwa utando mwembamba wa fedha, kisha akakigonga kwa muhuri. Kwa juu ni dinari kamili. Lakini utando unapochubuka, hasa ukingoni, shaba hujitokeza pamoja na kutu yake ya kijani. Mizani nayo hutoa ushahidi, kwani shaba ni nyepesi kuliko fedha. Warumi wenyewe waliyajua haya. Dinari nyingi zina alama za kukatwa, zilizotiwa na watu waliotaka kuona kilichomo ndani, na sheria ya Cornelia ya mwaka 81 K.K. iliwaandama waghushi. Hata hivyo Plinius, aliyeandika katika karne ya kwanza B.K., aeleza kwa mshangao kwamba walikuwapo watu waliotoa dinari halali kadhaa ili wanunue moja ya ghushi. Maradhi ya wakusanyaji, basi, si ya leo.

Habari ya sarafu za shaba ni nyingine. Jeshi la Claudius liliingia Uingereza mwaka 43 B.K., na maelfu ya askari wenye mishahara wakajikuta katika nchi ambako shaba rasmi haikutosheleza manunuzi madogo. Ndipo zikagongwa sarafu za kuigiza ile iitwayo as, yenye kichwa cha Claudius upande mmoja, na upande wa pili Minerva, mungu wa kike, akiwa na mkuki na ngao. Nyingi zimefukuliwa Colchester na katika kambi za jeshi.

Katika kuzitambua, uzito peke yake haukati shauri. As rasmi ina gramu 10 au 11 hivi. Za mwigo kwa kawaida ni pungufu, na baadhi hazifikii nusu ya uzito huo, lakini zilizo bora huukaribia sana. Zaidi ya hayo, hata sarafu rasmi iliyoliwa na udongo hupungua. Herufi ni shahidi mwaminifu zaidi. Mchongaji wa Roma alielewa alichokiandika, ilhali mwigaji mara nyingi alinakili maumbo tu, akaruka herufi au akazipindua. Pengine hata Claudius, ambaye katika as rasmi ya Minerva hutazama kushoto, hutazama kulia. Sababu yake ni nyepesi: mchongaji aliikata picha katika muhuri kama alivyoiona kwenye sarafu, na muhuri hugeuza kila kitu.

Sarafu hizi hazikumwibia mtu fedha, kwani hazikudai kuwa na fedha ndani yake. Zilipita mikononi pamoja na zile rasmi, hadi Nero alipoanza tena kugonga shaba kwa wingi katika miaka ya 60, huko Roma na Lugdunum, yaani Lyon ya leo. Kuziita bandia ni kuwatia hatiani watu waliokuwa wakitafuta njia ya kununua mkate. Yafaa neno ghushi liachiwe dinari ya utando, na hizi ziitwe sarafu za mwigo.

Ugumu hubaki katika sarafu za Gaul za karne ya tatu. Sarafu rasmi za Tetricus, aliyeshindwa na Aurelianus mwaka 274, zilikwisha kuwa karibu shaba tupu, ingawa bado zilimvika mtawala taji la miale kama sarafu za fedha zilizozitangulia. Waigaji waliozifuata waligonga vijisarafu ambavyo vingine havifikii gramu moja, vyenye miungu ya vijiti na maandishi yasiyosomeka. Hapa mwenye kuigwa na mwenye kuiga wote wawili walitoa shaba kwa sura ya fedha, na ni vigumu kusema ni nani kati yao astahiliye zaidi kuitwa mghushi.