Jasho Kwenye Rekodi

Ilikuwa mwezi wa pili, saa nane mchana, Dar es Salaam, kwenye studio iliyojengwa ndani ya chumba cha uani. Prodyuza alizima kiyoyozi, kisha akachomoa feni. "Dada, vumilia dakika tano tu," alisema. Dada akaingia kwenye kibanda cha kurekodia, akafunga mlango, akavaa hedifoni, akaanza kuimba. Dakika tano zikawa ishirini. Alipotoka, kilemba chake kilikuwa kimelowa, na ubeti wa tatu, ambao asubuhi aliuimba sebuleni bila shida, ulikuwa umemshinda. Maikrofoni ilikuwa ya gharama, kompyuta mpya kabisa. Lakini chumba kizima hakikuwa na jagi la maji.

Nimekaa kwenye studio nyingi za namna ile, na siku hizi nikiingia naangalia kwanza vitu ambavyo havipitishi sauti: kiti, feni, taa, kochi, chupa ya maji, saa ya ukutani. Vijana wanaofungua studio huviacha hadi mwisho, pesa ikibaki, na aghalabu haibaki. Nasema wanakosea. Karibu kila kimoja kati ya vitu hivyo husikika kwenye wimbo, na fizikia yake si ngumu kuielewa.

Tuanze na lile joto. Mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu moja ya zamani, ile ya waya. Kibanda chenye upana wa mita 1.2 kila upande na kimo cha mita 2.2 kina hewa isiyofika kilo 4. Kama kuta zisingefyonza joto hata kidogo, hewa hiyo ingepanda digrii moja kila baada ya sekunde 40 hivi. Bahati nzuri kuta hufyonza, ila sisi tumezibandika sponji, na sponji huzuia joto vizuri kama blanketi. Halafu kuna pumzi. Mtu aliyetulia hutoa kama lita 18 za kabonidayoksaidi kwa saa. Ndani ya kibanda kilichozibwa, dakika 10 zinatosha kuifikisha gesi hiyo mara tatu ya kiwango cha hewa ya nje, na anayeimba hutoa zaidi ya aliyetulia. Hapo ndipo kichwa huanza kuwa kizito, na mwimbaji akajilaumu kwamba leo hana mzuka.

Jasho lenyewe nalo halimsaidii. Jasho hupoza mwili pale linapokauka. Kutoka tu hakutoshi. Hewa ya pwani imeshabeba mvuke mwingi, kwa hiyo jasho hubaki pale pale likichuruzika. Feni hutusaidia kwa kuiondoa ile hewa iliyoshiba mvuke karibu na ngozi na kuleta nyingine. Ukimzimia mtu feni ndani ya kiboksi kilichofungwa, umemwondolea njia ya mwisho ya kupoa.

Feni na kiyoyozi huzimwa kwa sababu maikrofoni haina huruma: husikia hewa ikivuma kama inavyosikia neno. Na kelele ya hewa ina tabia ya kushangaza. Mwendo wa hewa ndani ya bomba ukiongezeka mara mbili, kelele hupanda kwa desibeli 15 hadi 18. Hesabu hiyo ukiigeuza unapata dawa. Hewa ile ile ukiipitisha kwenye njia yenye eneo maradufu, itakwenda kwa nusu ya mwendo, na kelele itashuka kwa zaidi ya desibeli 10. Ndiyo maana studio kubwa zina mabomba mapana yaliyovikwa kifyonza sauti ndani, yenye kona kadhaa, na hewa huingia chumbani polepole kiasi kwamba huwezi kuihisi. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea kitu cha jamii hiyo: sanduku refu la mbao lenye kona mbili tatu, lililovikwa sponji ndani, na feni ndogo kwenye ncha iliyo mbali na mwimbaji. Hewa hupinda kwenye kona na kuendelea. Sauti hujigonga, na kila inapojigonga sponji hula sehemu yake.

Kwa asiye na pesa ya seremala kuna utaratibu. Poza chumba vizuri kabla ya kazi, zima, rekodi ubeti mmoja, fungua mlango. Ubeti huchukua chini ya dakika moja. Sijaona sababu ya kumfungia mtu dakika ishirini.

Aliyeuonyesha ulimwengu kwamba mto wa kukalia ni jambo la sauti alikuwa Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 chuo kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara, katika Jumba la Sanaa la Fogg, ambao haukufaa kwa mihadhara. Neno likitamkwa lilizunguka hewani kwa zaidi ya sekunde 5, likiyagonga maneno yaliyofuata, na wasikilizaji hawakuambulia kitu. Sabine aliombwa atafute dawa. Hakuwa na maikrofoni wala chombo chochote cha kisasa cha kupimia. Alikuwa na bomba la kinanda, saa, na masikio yake mwenyewe. Karibu na pale palikuwa na ukumbi mwingine, Sanders Theatre, ambao viti vyake vilikuwa na mito. Usiku, mji ukiwa umetulia, yeye na wasaidizi wake waliibeba mito ile hadi ukumbi mbovu, wakapima, wakaongeza mingine, wakapima tena, kisha wakairudisha. Kila mito ilipoongezwa, mwangwi ulifupika, hadi ukafika sekunde moja na kidogo.

Kutokana na mito hiyo Sabine alipata kanuni inayotumika mpaka leo: urefu wa mwangwi hutegemea ukubwa wa chumba ukigawanywa kwa jumla ya vinavyofyonza sauti ndani yake. Watu wamo kwenye hesabu hiyo. Aligundua hata nguo zake mwenyewe zilibadilisha vipimo, akaamua kuvaa zile zile kila alipopima. Mwaka 1900 ulifunguliwa ukumbi wa Symphony Hall mjini Boston, uliojengwa kwa kufuata hesabu zake, na mpaka sasa unahesabiwa miongoni mwa kumbi bora za muziki duniani.

Kwa hiyo lile kochi kuukuu lililo nyuma ya prodyuza, ambalo washikaji hulikalia wakisubiri zamu zao, linafanya kazi. Linavyozidi kuwa nene ndivyo kazi inavyokuwa kubwa, na hapa unene ndio kila kitu. Sponji hula sauti pale chembe za hewa zinapokwenda mbio zaidi, na ukipima kutoka ukutani, mahali hapo ni robo ya urefu wa wimbi. Besi yenye mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la mita 3.4, kwa hiyo robo yake ni sentimita 85. Zulia la sentimita moja halina lolote la kuifanya besi hiyo. Huchuja sauti nyembamba tu na kukuachia chumba kinachovuma chini. Godoro la inchi sita lililoegemezwa ukutani hufanya kazi vizuri kuanzia mitetemo 570 hivi kwenda juu, eneo lenye sehemu kubwa ya yale yanayotuwezesha kuelewa maneno, na ukiliacha mbali kidogo na ukuta hufika chini zaidi. Mtu mwenye magodoro mawili ya kuazima na kochi zito ameshavuka nusu ya safari.

Trei za mayai ni habari nyingine. Nimeziona zimebandikwa kuta nzima, tena kwa kazi ya mikono inayotia huruma. Ni karatasi nyembamba. Hazimzuii jirani kusikia, hazigusi besi, na zikipata cheche huwaka haraka ndani ya chumba chenye mlango mmoja na waya nyingi. Tafadhali zibandueni.

Taulo, kwa upande wake, ni chombo cha maana. Mwimbaji anayesoma mashairi kwenye stendi ya chuma ana kioo cha sauti mbele yake. Sauti hugonga bamba la stendi na kuifikia maikrofoni ikiwa imechelewa. Ikisafiri sentimita 34 zaidi, inachelewa kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kuchelewa huko kunatosha kulifuta kwa sehemu wimbi lenye mitetemo 500, na lenye 1,500, na lenye 2,500, na sauti ikatoka kama inayosemea ndani ya ndoo. Tandika taulo nene juu ya stendi na uilaze kidogo. Kanga hapo haitoshi, ni nyembamba mno.

Na koo lenyewe? Nyuzi za sauti za mwanamke anayezungumza hugongana kama mara 200 kila sekunde, na akiimba noti za juu zinapita mara 400. Vitu vinavyogongana kiasi hicho vinahitaji ute mwepesi. Wengi hudhani ukipiga funda la maji mbele ya maikrofoni umezilowesha. Maji hayafiki huko. Kidakatonge hufunika njia ya pumzi, maji yakateremka kwenye umio hadi tumboni, na nyuzi huyapata baadaye, kupitia damu. Kwa hiyo maji ya kurekodia jioni hunywewa tangu asubuhi. Asali na tangawizi nazo hupita njia hiyo hiyo. Hutuliza koromeo, nyuzi hazizigusi. Kinachofika kwenye nyuzi moja kwa moja ni mvuke unaovutwa kwa pumzi, na ndiyo sababu naipenda chupa ya chai ya moto studio: msanii anaposhika kikombe usoni na kupumua polepole, anazihudumia nyuzi zake. Watafiti wa sauti wamepima jambo hili na kuona kwamba nyuzi zilizokauka zinahitaji msukumo mkubwa zaidi wa pumzi ili zianze kutetema. Mwimbaji huhisi uzito huo kabla msikilizaji hajausikia.

Hapo kiyoyozi kinaonyesha ubaya wake wa pili. Yale maji yanayodondoka nje ya ukuta ni unyevu uliochukuliwa chumbani, uliogeuka matone kwenye mabomba baridi. Saa nne za kiyoyozi kikali zinakausha hewa ambayo koo lingeitaka. Lakini gitaa linaitaka hewa hiyo hiyo iwe kavu kiasi. Mbao zake hutulia unyevu ukiwa kati ya asilimia 45 na 55, na hewa yetu ya pwani mara nyingi imepita 75. Wanamuziki wa taarab ndio wanaoteseka zaidi. Ala yao ya ganuni ina nyuzi zaidi ya 70 na ngozi iliyowambwa chini ya daraja lake. Ngozi hulegea kwa unyevu, hukaza kwa ukavu. Washa kiyoyozi, zima, washa tena, na mpigaji atashinda akikaza vigingi badala ya kupiga. Kipimo kidogo cha unyevu, cha kutundika ukutani, kinapaswa kuwamo katika kila studio ya pwani. Chumba kikikaa karibu na asilimia 50 bila kupandishwa na kushushwa, mwimbaji na ganuni wote wanapata nafuu.

Maikrofoni nzuri za studio zina utando mwembamba sana wenye chaji ya umeme, na unyevu huipa chaji hiyo njia ya kuvuja. Ukisikia maikrofoni inatatarika kama mafuta ya kukaangia, hasa msimu wa masika, huenda ni hilo. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vimeandikwa usile, basi watu huvitupa. Vikusanye uviweke pamoja na maikrofoni ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, kama vile vya kuhifadhia chakula. Vikishiba unyevu hukaushwa kwa joto na kutumika tena.

Kuhusu taa, mpiga gitaa Jimi Hendrix alielewa umuhimu wake mapema. Studio yake ya Electric Lady, New York, iliyosanifiwa na John Storyk na kufunguliwa Agosti 1970, ilikuwa na kuta zilizopinda na taa za rangi ambazo angeweza kuzibadilisha kadiri alivyojisikia. Alifariki Septemba mwaka huo huo, na studio bado inafanya kazi. Jicho lina chembe ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga kwa ajili ya saa ya mwili, na mwanga mweupe wa kibuluu huziambia kwamba ni mchana. Unafaa kwa fundi anayehariri usiku wa manane. Kwa anayeimba wimbo wa kubembeleza, weka taa ya manjano, iliyo chini ya usawa wa macho. Ila swichi za kupunguza mwanga ziepuke. Nyingi huukatakata umeme mara 100 kila sekunde, na koili za gitaa la umeme huudaka mkato huo ukatokea kwenye rekodi kama nyuki. Taa ndogo tatu, kila moja na swichi yake, hufanya kazi ile ile kimya kimya.

Saa ya ukutani iwe isiyogonga, na itazamwe. Masikio huhimili desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda hupungua nusu, hivyo kwenye desibeli 94 una saa moja tu. Baada ya hapo unachanganya wimbo kwa masikio yaliyochoka, ukiongeza makali ambayo kesho yatakuudhi. Kiti nacho kisilie, na cha mpiga gitaa kisiwe na mikono.

Yule dada alirudi saa moja usiku. Mlango wa kibanda uliachwa wazi kila baada ya ubeti, taulo likiwa kwenye stendi, chupa ya chai na jagi la maji juu ya stuli. Ubeti wa tatu aliuimba mara mbili tu. Ukisikiliza rekodi hiyo kwa hedifoni, kabla ubeti huo haujaanza utasikia glasi ikiwekwa chini. Prodyuza aliiacha.